Heda mpya uani: mwenye gari la Buyangu ajue nini kabla ya kushika spana

Subaru Impreza au Forester yenye injini ya turbo hutambulika kabla haijaonekana. Mngurumo wake hausababishwi na bomba la nyuma, kama wengi wanavyodhani. Unatoka kwenye heda, yaani mabomba ya kwanza kabisa yanayopokea moshi kutoka kwenye injini. Katika magari mengi ya aina hiyo yenye injini ya EJ20, heda ya kiwandani ina mabomba yasiyolingana urefu, kwa hiyo mapigo ya moshi hayafiki kwenye turbo kwa mpangilio sawa. Mwenye gari akinunua heda ya kisasa yenye mabomba yaliyolingana, mngurumo huo hupotea na sauti huwa nyororo zaidi. Wapo waliotumia pesa nyingi wakitafuta sauti, wakajikuta wameiondoa.

Nguvu nayo isitarajiwe kuongezeka sana. Heda pana huupitisha moshi kwa urahisi, lakini kompyuta ya gari isiporekebishwa na fundi anayeijua kazi hiyo, faida yake ni ndogo. Hilo lafaa lipimwe kabla ya kununua.

Kazi yenyewe inaweza kufanyika nyumbani. Katika injini ya Subaru silinda zimelala, mbili kila upande, na heda inaning'inia chini yake. Maana yake ni kwamba fundi atalala chini ya gari, na hapo ndipo hatari ya kwanza ilipo. Udongo wa maeneo ya Buyangu hulainika kwa mvua ya alasiri, na jeki iliyosimama imara saa nne asubuhi yaweza kuzama saa tisa. Gari liwekwe kwenye stendi za jeki, chini ya kila stendi ubao mpana na mnene, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa mawe. Matofali hayafai hata kidogo: hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Jeki peke yake pia haitoshi, hata kwa kazi ya dakika tano.

Injini iwe imepoa kabisa. Gari likiendeshwa kwa kasi, joto la heda laweza kupita nyuzi 700, na bomba haligeuki rangi kumwonya mtu kwamba bado linachoma. Ni vyema kazi ianze asubuhi, nati zikiwa zimepakwa mafuta ya kulegeza kutu tangu jioni ya jana. Stadi zinazoshika heda zimeingia kwenye aluminiamu, na stadi iliyokatika humo hugeuza kazi ya nusu siku kuwa ya wiki nzima gereji. Nati ikikataa, isilazimishwe. Iongezwe mafuta, isubiriwe, izungushwe kidogo mbele na nyuma mpaka ilegee.

Gasketi ziwe mpya kila mara. Sensa ya oksijeni ifunguliwe taratibu bila kuvuta waya wake, na ngao za joto zirudishwe zote mahali pake. Mafundi wengine huzitupa wakisema zinapiga kelele. Ngao hizo ndizo zinazokinga raba za eksoli na mabomba ya mafuta yasiungue. Nati zikazwe kwa zamu, upande huu na ule, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari husika, kisha zikaguliwe tena baada ya gari kupata moto na kupoa mara mbili au tatu.

Jambo linalostahili uangalifu kuliko yote ni kuvuja. Gasketi iliyokaa vibaya hutoa mlio wa tik-tik injini ikiwa baridi, ambao hufifia chuma kikipata moto na kutanuka. Wenye magari wengi huusikia wakaupuuza. Kwa upande wa mfuko, hewa inayoingia kupitia upenyo huo huidanganya sensa ya oksijeni, nayo kompyuta huongeza petroli isiyohitajika. Kwa upande wa uhai, moshi unaovuja mbele ya gari hupata njia ya kuingia ndani ya kebini. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Katika kaunti ambako malaria ni ugonjwa wa kila siku, ni rahisi mtu aliyevuta gesi hiyo kudhani ni homa, akameza dawa na kurudi kulala palepale. Tofauti moja ya kuangaliwa: watu kadhaa wa nyumba moja au gari moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, kisha wakapata nafuu wakitoka nje, gesi ishukiwe kwanza. Watoke wote kwenye hewa safi na waende kituo cha afya. Aliyezirai aitiwe msaada kwa 999 au 112. Kwa sababu hiyo gari lililofungwa heda mpya lisiwashwe ndani ya banda wala karibu na dirisha la chumba cha kulala au jikoni. Heda mpya hutoa moshi mwanzoni, mafuta ya kiwandani yakiungua. Hilo ni la kawaida, ila lifanyike mahali peupe, mbali na nyasi kavu. Kuvuja kwenyewe hupimwa kwa maji ya sabuni yanayopakwa kwenye maungio mara injini baridi inapowashwa. Penye povu ndipo penye tundu.

Sheria nayo ina neno. Kanuni za trafiki chini ya Sura 403 zinataka gari liwe na sailensa inayofanya kazi. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zinaweka kiwango cha kelele nje ya makazi kuwa desibeli 50 mchana na 35 kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Udhibiti wa kelele na wa uchafuzi wa hewa pia ni jukumu la kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kwa hiyo jirani aliyekosa usingizi ana haki ya kulalamika katika ofisi ya mazingira ya kaunti.

Kwa Buyangu kuna sababu nyingine. Hifadhi ya Kitaifa ya Msitu wa Kakamega, iliyotangazwa mwaka 1985 na kusimamiwa na KWS, iko pale pale. Wageni huja kusikiliza ndege, na waongozaji wao huwatafuta mbega na kima kwa masikio kabla ya macho. Gari lisilo na sailensa likipita langoni alfajiri, mwongozaji hupoteza kazi ya asubuhi hiyo. Majaribio ya gari yafanyike mchana, kwenye lami ya Kakamega–Webuye, kwa mwendo unaoruhusiwa.

Mabomba ya zamani yasiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, hasa katalitiki, ile sehemu inayosafisha moshi. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanaoinunua wanaijua thamani yake kuliko wanaoiuza. Yafungwe kwa gunia na kuwekwa pakavu: gari likipelekwa kwenye ukaguzi, au mnunuzi akilitaka kama lilivyotoka kiwandani, yatahitajika yote pamoja na nati zake.