Matangazo ya vipodozi yachunguzwe kisarufi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Waliotunga methali hii hawakuijua runinga, ambako kizuri na kibaya vyote hutembezwa usiku kucha, na mtazamaji hana njia ya kuvipambanua ila kwa maneno ya mwuzaji. Ni maneno hayo ninayotaka tuyatazame, maana mimi ni mwanaisimu wala si daktari wa ngozi.

Muhula uliopita, msichana mmoja katika darasa langu la sarufi alianza kuja akiwa amejitanda mtandio hadi mashavuni. Alikuwa amenunua losheni iliyonadiwa katika kipindi cha mauzo cha runinga kwa shilingi 3,500, pesa alizotumiwa na mamake za chakula. Wiki ya tatu ngozi ikaanza kuchubuka. Nilipomwuliza kwa nini aliamini, alinijibu, "Mwalimu, walisema imethibitishwa."

Imethibitishwa! Kitenzi hiki kimo katika kauli ya kutendwa, na kauli hiyo ina sifa moja inayowafaa sana wachuuzi: humruhusu mtenda afichwe. Imethibitishwa na nani? Wapi? Kwa watu wangapi? Mwaka wa 2014, Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani iliishtaki L'Oréal kwa kudai kwamba imethibitishwa kitabibu kuwa krimu zake fulani huchochea jeni na kuifanya ngozi ionekane changa. Kampuni ilikubali kutoyarudia madai ya aina hiyo bila ushahidi wa kisayansi.

Mwenzake ni kiambishi hu-. "Huondoa madoa." Mwanafunzi yeyote wa shule ya upili anajua kwamba hu- ya mazoea haibebi nafsi wala wakati. Twaitumia kwa mambo yasiyo na shaka: jua huchomoza mashariki. Mchuuzi anapoitumia kwa chupa iliyoingia nchini juzi, anaiazima hadhi ya jua. Kisha kuna "hadi asilimia 80", ambamo hata asilimia mbili imo. Na haya yote husemwa na sauti inayomwita mtazamaji "dada yangu", ilhali hawajapata kuonana.

Lakini linaloniudhi zaidi ni tafsiri. Sheria ya Marekani ya mwaka wa 1938 hutenganisha kipodozi, ambacho hupamba sura, na dawa, ambayo hubadili maumbile au utendakazi wa mwili. Kwa hiyo watengenezaji wa huko huandika kwa hadhari kwamba losheni hupunguza "mwonekano wa mikunjo", si mikunjo yenyewe. Neno hilo moja ndilo ngao yao. Katika matangazo ya Kiswahili ninayoyasikia, "mwonekano" hudondoka njiani, na mikunjo "huondoka kabisa". Mnunuzi wa Nakuru anaahidiwa jambo ambalo mtengenezaji hakuthubutu kuliahidi kwao.

Hata huko kwao hadhari haikutosha. Mwaka wa 2009, stesheni maarufu ya mauzo ya QVC ilikubali kulipa dola milioni 7.5 ili kumaliza kesi iliyoletwa na Tume hiyo hiyo kuhusu madai juu ya vidonge vya kupunguza uzani na losheni ya kuondoa mafuta yanayofanya ngozi ya mapaja iwe na vibonyeo.

Kwetu Kenya, vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vilipigwa marufuku mwaka wa 1998, na sheria ya mwaka wa 2012 ya kuwalinda wanunuzi inakataza madai ya uongo. Sawa. Ila nani atamshika mtu aliyesema "huenda ikasaidia"?

Walimu wenzangu wa Kiswahili, hapa tuna zana ya kufundishia isiyogharimu kitu. Niliwapa wanafunzi wangu tangazo moja lililonakiliwa neno kwa neno, sentensi 14, nikawataka watafute nafsi, wakati na idadi katika kila moja. Walivipata vyote vitatu katika sentensi moja tu: "Leo usiku tunakuuzia chupa moja kwa shilingi 3,500." Aliyekuwa akiandika majibu ubaoni ni yule msichana wa mtandio.