Kompyuta ya Kurekodi Muziki: Programu Itangulie, Mashine Ifuate

Anayetaka kuanzisha studio ndogo ya muziki kwa kawaida huanza kwa kutafuta kompyuta mpakato, na akishailipia ndipo anapouliza ni programu gani ya kurekodi itakayokubali kufanya kazi ndani yake. Mpangilio huo unaeleweka, kwa kuwa kompyuta ndiyo inayomeza fedha nyingi, lakini umewaingiza wengi katika gharama ya pili ambayo ingeepukika. Programu ya kurekodi, ambayo mafundi huiita DAW, ndiyo inayonasa sauti, kuipanga katika njia zinazojitegemea ziitwazo traki, kuikata, kuichanganya na hatimaye kuitoa ikiwa wimbo kamili. Kila programu ya aina hiyo huandikwa kwa ajili ya mfumo endeshi fulani, yaani programu mama inayosimamia kompyuta nzima, na mifumo inayohusika hapa ni mitatu: Windows ya Microsoft, macOS ya Apple, na Linux, ambayo hupatikana bure na huendelezwa na watu na kampuni nyingi kwa pamoja. Kwenye kompyuta, Logic Pro huendeshwa na macOS peke yake. FL Studio, Cubase, Ableton Live na Pro Tools hukubali Windows na macOS. Reaper, Bitwig Studio na Ardour hukubali mifumo yote mitatu.

Ipo dhana moja inayopaswa kuondolewa mapema, kwamba Mac ina sauti nzuri kuliko kompyuta ya Windows. Sauti inapoingia kwenye kompyuta hupimwa mara 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu, aghalabu za biti 24, kiasi kinachotosha kubeba mnong'ono na kelele katika rekodi moja. Kuchanganya traki ni kuzijumlisha tarakimu hizo, na jumla haibadiliki kwa sababu tu ya nembo iliyobandikwa kwenye kifuniko. Anayesikia tofauti kati ya studio mbili husikia tofauti ya maikrofoni, ya chumba, ya spika na ya mikono ya fundi.

Tofauti ya kweli kati ya mifumo hii imo katika njia inayopitiwa na sauti, na jambo hili linastahili kuangaliwa kwa karibu kwa kuwa ndilo linalomsumbua mwimbaji pale anapovaa hedifoni. Sauti yake hutoka kwenye maikrofoni, ikaingia katika kadi ya sauti ya nje, yaani kile kisanduku kinachochomekwa kwa waya wa USB, ikapokelewa na kiendeshi, ambacho ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa hicho, ikafika kwenye programu ya kurekodi, kisha ikarudi kwa njia ile ile hadi masikioni. Kompyuta haishughulikii kipimo kimoja kimoja, bali huvikusanya vipimo katika fungu liitwalo bafa na kulishughulikia fungu zima kwa mara moja. Bafa ya vipimo 1,024, kwa kasi ya vipimo 44,100 kwa sekunde, huchelewesha sauti kwa milisekunde 23 hivi kwa upande mmoja, na ikihesabiwa safari ya kurudi, mwimbaji hujisikia kama kwamba kuna mtu mwingine anayemfuata nyuma. Bafa ikipunguzwa hadi vipimo 128 kwa kasi ya 48,000, ucheleweshaji wa upande mmoja hushuka chini ya milisekunde 3, na hapo mwimbaji haubaini tena. Fungu dogo, hata hivyo, huinyima kompyuta nafasi ya kupumua, na isipowahi kulimaliza kabla fungu jingine halijafika, sauti hukatika na kukwaruza. Katika singeli, ambayo mapigo yake mara nyingi huvuka 200 kwa dakika, hata ucheleweshaji ambao katika wimbo wa polepole ungevumilika humtoa mghani kwenye mdundo.

macOS huja na mpango wake wa ndani wa kupitisha sauti, Core Audio, uliokusudiwa tangu awali kubeba kazi za studio, na kwa hiyo kadi nyingi za sauti hufanya kazi mara tu zinapochomekwa. Njia ya kawaida ya Windows haikutengenezwa kwa matarajio hayo, na ndiyo maana kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, ilitoa mwaka 1997 mpango uitwao ASIO, unaoiruka njia hiyo na kuiunganisha programu moja kwa moja na kadi. Mtumiaji wa Windows kwa hiyo hununua vitu viwili ndani ya kisanduku kimoja, yaani kadi na kiendeshi chake cha ASIO, na kadi ya bei rahisi ambayo mtengenezaji wake hakuandika kiendeshi cha maana itamlazimu kutumia ASIO4ALL, programu ya bure inayosaidia lakini haichukui kikamilifu nafasi ya kiendeshi halisi. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na ALSA na JACK, na katika miaka ya karibuni na PipeWire. Tena, tangu toleo la 6.12 la kiini chake lililotoka mwaka 2024, uwezo wa kuipa kazi ya haraka kipaumbele kisichovunjwa umeingizwa ndani ya Linux yenyewe.

Mazoea ya studio yana historia, na historia hiyo hueleza kwa nini prodyuza mmoja huapa kwa Mac na mwingine kwa Windows. Cubase ilianza mwaka 1989 kwenye kompyuta ya Atari ST, ambayo ilipendwa na wanamuziki kwa sababu ilikuwa na matundu ya MIDI, lugha ya vinanda vya umeme iliyokubaliwa mwaka 1983. Pro Tools ilitoka mwaka 1991 kwa ajili ya Macintosh, na studio kubwa za Marekani zikaifuata huko. FruityLoops, ambayo baadaye iliitwa FL Studio, ilitolewa na Wabelgiji wa Image-Line mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya Windows, yaani kwa kompyuta ya bei nafuu iliyokuwa ikipatikana kila mahali, na toleo lake rasmi la Mac lilisubiri hadi mwaka 2018. Si ajabu basi kwamba vijana waliotengeneza biti za Bongo Fleva vyumbani kwao waliizoea programu hiyo na kuuzoea pamoja nayo mfumo wa Windows.

Katika historia hiyo, tukio ambalo mnunuzi wa leo angepaswa kulitafakari zaidi ni la mwaka 2002. Logic wakati huo ilikuwa mali ya kampuni ya Kijerumani iitwayo Emagic, nayo iliuzwa kwa watumiaji wa Windows na wa Mac bila ubaguzi, lakini Apple ilipoinunua Emagic ilitangaza kwamba toleo la Windows litasitishwa. Waliokuwa na miaka ya kazi katika mafaili ya Logic wakabaki na njia mbili: kununua Mac au kuhamia programu nyingine. Faili la kazi, lenye mpangilio wa traki, mikato na marekebisho yote, husomwa na programu iliyoliandika na kwa kawaida haliwi na maana kwa nyingine, kwa hiyo anayechagua programu anachagua pia mahali patakapohifadhiwa kumbukumbu yake ya kazi.

Kifungo cha aina hiyo kimo pia katika plagini, yaani programu ndogo zinazopandikizwa ndani ya DAW ili kutoa sauti ya kinanda, ya ngoma au ya mwangwi. VST, iliyoanzishwa na Steinberg mwaka 1996, hukubaliwa na programu nyingi, ila Logic hudai plagini za AU na Pro Tools hudai za AAX. Mfumo endeshi nao unaweza kuziua plagini kwa usiku mmoja: mwaka 2019, Apple ilipotoa toleo la Catalina lisilokubali programu za biti 32, plagini nyingi za zamani zilinyamaza kwenye Mac zilizosasishwa, ilhali Windows iliendelea kuzivumilia. Fundi mwenye kazi ya mteja mezani hana sababu ya kukubali sasisho siku linapotangazwa.

Ushirikiano kati ya studio una dawa yake. Prodyuza wa Mombasa anayetumia Logic anaweza kufanya kazi na mwenzake wa Mwanza anayetumia FL Studio iwapo kila traki itatolewa kama faili la WAV linaloanzia mwanzo kabisa wa wimbo, hata kama chombo chenyewe kinaingia katika kiitikio tu, na iwapo mwendo wa mapigo na kasi ya vipimo vitaandikwa kwenye jina la folda. Kasi ya vipimo ikipuuzwa, faili la 44,100 linalochezwa kama la 48,000 bila kubadilishwa hukimbia na kupanda karibu robo tatu ya toni, na mwimbaji husikika kama mtoto.

Kuhusu bei, maandishi madogo ni muhimu kuliko tangazo. Toleo la chini la FL Studio, liitwalo Fruity, halirekodi sauti ya mwimbaji, hivyo anayekusudia kurekodi anahitaji angalau toleo la Producer. Toleo la majaribio huhifadhi kazi lakini halikubali kuifungua tena mpaka leseni inunuliwe, ingawa anayenunua hupata matoleo yote yajayo bila malipo. Reaper hutolewa nzima kwa majaribio ya siku 60, kisha leseni yake kwa mtu wa kipato kidogo ni dola 60. GarageBand ni bure kwa mwenye Mac, na hutosha kwa kazi nyingi kuliko wanavyokiri wanaoibeza. Linux haidai leseni, lakini kampuni nyingi za plagini hazijaiandikia chochote, jambo linaloifanya imfae zaidi anayerekodi vyombo halisi, kama kundi la taarabu au kwaya, kuliko anayetegemea vinanda vya kompyuta.

Mashine yenyewe, programu ikishajulikana, si fumbo kubwa. Gigabaiti 8 za RAM hutosha kurekodi, na 16 huhitajika pale vinanda vingi vya kompyuta vinapolia kwa pamoja. Diski iwe ya SSD na yenye nafasi ya kutosha, kwa kuwa traki 20 za dakika nne, kwa biti 24 na vipimo 48,000, hujaza karibu megabaiti 700. Uangalifu unahitajika zaidi kwenye kompyuta zilizotumika, ambazo ndizo wanaoanza wengi hununua Kariakoo au Luthuli Avenue. Microsoft iliacha kuihudumia bure Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa vichakataji vya Intel, kwa jumla hudai kizazi cha 8 au zaidi: kibandiko cha i5-8250U kinapita, cha i5-6300U hakipiti, na hiyo ya pili inafaa iuzwe kwa bei ya mashine ya Linux. Kwa upande wa Apple, macOS 26 ya mwaka 2025 ndiyo ya mwisho kuzikubali Mac zenye kichakataji cha Intel, nazo ni chache tu kati yake. MacBook Air ya M1, iliyotoka mwaka 2020, haina feni na haitii mvumo kwenye maikrofoni iliyo katika chumba hicho hicho, ila kwenye joto la pwani hupunguza kasi ili isiungue, na RAM yake haiongezeki baada ya kununuliwa.

Muuzaji akiruhusu, kadi ya sauti ichomekwe pale pale dukani, traki moja ifunguliwe kwa bafa ya 128, kisha hedifoni isikilizwe mara mbili, chaja ikiwa imechomekwa na ikiwa imetolewa. Mvumo unaotoweka chaja inapotolewa mara nyingi hutokana na chaja yenyewe au na umeme usio na waya wa ardhi, hasa pale plagi ya pini mbili inapolazimishwa kwenye soketi ya pini tatu, na kasoro hiyo huondoka kwa chaja nyingine au soketi yenye ardhi; mkwaruzo unaobaki hata kwa betri, kiendeshi sahihi kikiwa kimewekwa na Wi-Fi imezimwa, huwa umo ndani ya kompyuta yenyewe, nayo irudishwe mezani kwa muuzaji.