Kiporo cha wali: moto wa asubuhi hautoshi

Huenda nawe una mazoea haya. Wali uliobaki usiku huachwa kwenye sufuria jikoni, asubuhi ukapashwa moto, na watoto wakaula kabla ya kwenda shuleni. Saa mbili tatu baadaye mmoja anatapika. "Lakini daktari, niliupasha moto sawasawa," mama huniambia. Ni kweli aliupasha. Basi kosa liko wapi?

Bakteria ni kiumbe wa chembe moja, hana mdomo wala tumbo. Hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha chakula kilichomzunguka, kisha hufyonza virutubisho kupitia ukuta wa chembe yake. Sukari huivunjavunja ili apate nguvu. Wengine huhitaji oksijeni kama sisi. Wengine huweza kuishi bila hewa na kuacha asidi, na ndiyo sababu maziwa ya mala huwa makali.

Akishapata chakula, maji na joto, hukua na kugawanyika, mmoja akawa wawili. Katika hali inayowafaa, baadhi hugawanyika kila dakika 20. Kwa mwendo huo, bakteria mmoja huzaa zaidi ya 2,000,000 kwa saa 7!

Katika wali huwamo bakteria aitwaye Bacillus cereus, anayetoka udongoni. Yeye hujihifadhi kama mbegu ngumu isiyokufa kwa kuchemshwa. Wali unapopoa polepole, mbegu huamka, hula, huzaana na kutoa sumu. Moto wa asubuhi waweza kuwaua bakteria, lakini sumu ya kutapisha hubaki. Hata joto la digrii 121 haliiharibu upesi. Na usitegemee pua, kwani wali huo huenda usinuke.

Ufanyeje? Tandaza wali unaobaki kwenye sinia ili upoe haraka, kisha uutie ndani ya friji kabla ya saa moja kupita. Baridi haiwaui bakteria, huwachelewesha tu. Kwa hivyo uliwe siku inayofuata. Kama huna friji, pika wa kutosha mlo mmoja.

Mtoto akitapika, mpe maji ya ORS kidogo kidogo. Akishindwa kunywa, akilegea au macho yakididimia, mpeleke hospitalini mara moja.