Usivue Banzi Kabla ya Wakati

Ndugu wafanyakazi, hapa New Site, Juba, mwenzetu mmoja wa karakana ya mbao aliteleza akaangukia kiganja, akavunjika kifundo cha mkono. Alipotolewa plasta alipewa banzi la mikanda. Siku ya tatu akalivua, akihofia kuachishwa kazi. Leo hawezi kusukuma randa.

Banzi si pambo. Hukishika kifundo kisipinde ovyo, vidole vikabaki huru. Vikunje na kuvikunjua kila siku; kiwiko na bega pia, visikakamae. Vidole vikifa ganzi, vikivimba au kubadilika rangi, legeza mikanda, urudi upesi kwa mganga. Wala usilivae daima: mtaalamu ndiye atakayekupangia siku za kulipunguza na mazoezi.

Mjini Juba kituo cha tiba ya viungo kilifunguliwa 2009 kwa msaada wa Msalaba Mwekundu. Huko Moshi, Tanzania, chuo cha TATCOT kilianza kufunza mafundi wa kazi hii 1981.

Ukiumia kazini, toa taarifa siku ileile, iandikwe, na shahidi awepo. Dai kazi nyepesi hadi upone. Mwenye banzi si mvivu. Anaulinda mkono unaolisha watoto wake.