Samaki Walio Chini ya Banio

Masika yakishika vizuri, maji ya milima ya Upare yakaanza kuteremka kwa nguvu katika Yongoma na Hingilili, samaki hupanda kuyafuata. Chini ya banio, pale maji yanapoanguka na kutoa povu, wanajaa tele. Vijana hushuka na nyavu, wazee na migono, hata watoto na vyandarua. Na kwa siku mbili tatu watu husema kwamba neema imeshuka. Sisi hatupendi kumharibia mtu kitoweo chake. Lakini yafaa tuulize: samaki hao walikuwa wanakwenda wapi?

Jibu ni kwamba walikuwa safarini, na njia imefungwa. Samaki wengi wa mitoni hungoja mafuriko ili wapande kutafuta mahali pa kutagia. Kambare huingia hata katika majani yaliyofunikwa na maji ya siku chache, akaacha mayai yake huko, kisha akarudi kabla nchi haijakauka. Akikuta ukuta asioweza kuuruka, hakati tamaa upesi. Hukaa chini yake akijaribu tena na tena, na wenziwe waliomfuata humkuta hapo. Wingi ule tunaousifu si wingi wa mto. Ni msongamano wa wasafiri mlangoni, na wengi wao wana mayai tumboni.

Msafiri wa ajabu kuliko wote ni mkunga wa mtoni. Huyu huzaliwa katika Bahari ya Hindi, akaletwa na mikondo angali mdogo kama jani la uwazi, akaingia katika mito ya mwambao wetu, Pangani ikiwamo, na kupanda bara. Hukaa miaka mingi katika maji matamu akikua; kisha hurudi baharini, akazaa mara moja tu na kufa. Mkunga mchanga aweza kutambaa juu ya jiwe lililolowa maji. Ndiyo maana maporomoko ya asili hayakumshinda. Lakini ukuta mkavu wa saruji humshinda, na siku ya kurudi, mitambo ya umeme humkata. Katika Pangani ya chini leo kuna Hale, iliyoanza kazi mwaka 1964, na kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani cha mwaka 1995.

Hatusemi kwamba mabanio yabomolewe. Nani Same asiyejua thamani ya maji yaliyozuiliwa? Wapare walichimba ndiva zao na mifereji yao zamani sana, wakakusanya maji usiku ili wayagawe asubuhi kwa zamu. Banio la Yongoma limeyapa maji mashamba ya mpunga ya Ndungu tangu mradi ule ulipokamilika kwa msaada wa Japani karibu na mwaka 1990. Mpunga ni chakula, na samaki kadhalika ni chakula. Ugomvi wetu si na ukuta; ni na desturi ya kumvizia samaki hapo hapo ukuta ulipomkwamisha, maana hapo anapigwa mara mbili.

Desturi hii huishia wapi? Tutazame Ziwa Viktoria. Ningu wa ziwa lile alikuwa na desturi ya kupanda Nzoia, Kagera na mito mingine wakati wa mvua ili atage. Wenyeji walimvua kwa nyando tangu zamani, na aliendelea kuwapo. Zilipokuja nyavu za kisasa, zikatandazwa midomoni mwa mito wakati ule ule wa kupanda, ningu akapungua vibaya. Na kufikia miaka ya 1960 wataalamu walikwisha kuandika juu ya kuanguka kwake. Hakuna ukuta uliojengwa pale. Nyavu peke yake zilitosha kuwa ukuta.

Karibu na kwetu zaidi liko bwawa la Nyumba ya Mungu, lililoanza kujaa mwishoni mwa mwaka 1965. Bwawa jipya lilitoa samaki kwa ukarimu mkubwa: karibu na mwaka 1970 walivuliwa zaidi ya tani 20,000 kwa mwaka, na wavuvi wakahamia huko kutoka mbali. Haukupita muda mrefu mavuno yakashuka hata tani elfu chache. Nyavu za matundu madogo zilikuwa na sehemu yao katika jambo hilo, wala bwawa changa halikai changa milele. Huku chini, mto ambao watu wa Same huuita Ruvu ulinyimwa mafuriko yake, na kinamasi cha Kirua, palipokuwa pa kuzalia na kuvulia, kikasinyaa. Perege wa Jipe na wa Pangani, ambao Bibi Rosemary Lowe aliwaeleza kisayansi mwaka 1955, hawapatikani penginepo duniani, na leo wamo katika hatari ya kutoweka.

Wenzetu wa mbali wamejaribu nini? Huko Pitlochry, Scotland, walipojenga bwawa la umeme baada ya vita kuu ya pili, walijenga na ngazi ya vyumba 34 vya maji, samoni wapande kidogo kidogo. Lakini samoni ni mrukaji hodari. Ngazi yake haimfai kambare wala mkunga. Kwa hawa, mteremko wa mawe yaliyolowa, wenye maji kidogo yasiyokatika, huenda ukafaa zaidi, nao si ghali. Uingereza na Wales nako, sheria ya mwaka 1975 inakataza kuvua samoni na trauti kwa nyavu karibu na kizuizi: yadi 50 juu yake na yadi 100 chini yake.

Kipimo kama hicho chatosha kwetu pia, na hakihitaji fedha za kigeni. Sheria yetu ya maji ya mwaka 2009 inatambua kwamba mto wenyewe una fungu lake la maji, na inaziruhusu jumuiya za watumiaji maji kujiwekea kanuni. Jumuiya iliyozoea kugawa zamu za maji na kumtoza faini anayeiba zamu ya jirani haishindwi kuweka kigingi hatua 100 chini ya banio, na kusema kwamba kuanzia mvua ya kwanza ya masika mpaka maji yatakapotulia hapana mgono, wavu wala chandarua kupita kigingi hicho. Atakayevua avue chini yake. Na fundi atakapokuja kukarabati banio, aulizwe kwanza samaki watapitia wapi, kabla saruji haijakorogwa.

Masika huanza Machi. Mikutano ya jumuiya za Ndungu na Maore ingefaa kulijadili jambo hili Februari.