Fahamu: Fanicha za miaka ya 1950 zinazorudi sebuleni

Ni mtindo gani?
Ni upambaji ulioshamiri Marekani na nchi za Skandinavia kati ya miaka ya 1940 na 1960: mbao zisizofichwa kwa rangi, mistari safi, miguu myembamba inayochongoka kuelekea sakafuni.

Ulitoka wapi?
Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wabunifu Wamarekani Charles na Ray Eames, mume na mke, walikunja plaiwudi kutengeneza vifaa vya kufungia miguu iliyovunjika ya wanamaji wa Marekani. Ujuzi huohuo ukazaa viti vyao. Walitaka vitu bora viwafikie watu wengi kwa bei ndogo. Inasikitisha kwamba kiti chao maarufu cha 1956 leo ni cha wenye fedha.

Kwa bajeti ndogo?
Tafuta fanicha iliyotumika. Chunguza ukingo wa meza: ukiona ganda jembamba la mbao limebandikwa, usiikimbie, nyingi za enzi hizo zilitengenezwa hivyo. Ila piga msasa kwa mkono mwepesi, ganda lisitoboke. Kabati la kawaida nalo hubadilika sana seremala akilivua miguu minene na kuliwekea myembamba iliyoinama kidogo. Na usijaze chumba. Mtindo huu unahitaji nafasi tupu.