Taa ya projekta kwa pikipiki ya mzigo

Vijana, wengi wenu mnatoka shambani saa tisa usiku na matenga ya nyanya kuwahi soko, na balbu ya wati 35 haionyeshi shimo mpaka uwe juu yake. Ila msichomeke LED kwenye taa ileile ya zamani. Mwanga unatawanyika na kumpofusha anayekuja. Projekta ina lenzi na kizuizi kinachokata mwanga wa juu.

Mwambie fundi avute umeme kutoka kwenye betri, aweke rilei na fyuzi. Kisha elekezeni taa ukutani matenga yakiwa yamefungwa, siyo pikipiki tupu (wengi hapa ndipo wanachemka), maana mzigo unainua mwanga. Mstari wa mwanga uwe chini kidogo ya kimo cha taa.